Kumtafuta Mama wa Babu: Tathmini ya Chumba cha Kusomea cha Nyaraka za Taifa, Kilimani

Kila mwaka, siku chache kabla ya Ramadhani, nyumbani kwetu husomwa khitma ya kuwarehemu wazee, na kabla ya dua maalim hupewa karatasi yenye majina ya marehemu ili awataje mmoja mmoja. Katika karatasi hiyo, tangu nilipoanza kuisoma nikiwa mwanafunzi wa skuli ya msingi, palikuwa na mstari mmoja usiokuwa na jina: "mama yake Babu". Wengine wote waliandikwa kwa majina yao na ya baba zao. Yeye alibakiwa na lakabu tu, jina la ua alilopachikwa na watu wa mtaani, na maalim hakuona vyema kumtaja maiti kwa lakabu. Mimi ni kitukuu chake, na miaka miwili iliyopita niliazimia kumtafuta. Katika kazi hiyo nilitumia huduma mbili. Ya kwanza ni ya mtu binafsi anayetengeneza shajara za nasaba, yaani michoro ya mti wa ukoo, kwa malipo, ambaye sitamtaja wala simpendekezi kwa yeyote. Ya pili ni chumba cha kusomea cha Nyaraka za Taifa za Zanzibar kilichoko Kilimani, mjini Unguja, ambacho nakipendekeza kwa moyo wote, na sehemu kubwa ya tathmini hii ni yake.

Nianze na yule wa shajara, kwa kuwa ndiye aliyenifundisha ni nini mtu anapaswa kukidai. Nilimlipa nusu ya fedha mwanzoni, nikampa majina ya wazee wote ninaowajua, na baada ya wiki tatu nikapokea karatasi kubwa ya rangi iliyotiwa fremu, yenye mti wa matawi na majani, na penye shina lake mtu aliyeelezwa kuwa ametoka Shirazi. Mama wa babu alikuwa kwenye tawi mojawapo, amepewa jina kamili ambalo hakuna mtu katika ukoo wetu aliyewahi kulisikia, amepewa baba, na babu, na waliotangulia mpaka kizazi cha saba. Nilipouliza majina hayo yametoka wapi nilijibiwa kuwa yametoka vitabuni. Nilipouliza ni kitabu gani, ukurasa wa ngapi na kinahifadhiwa wapi, sikujibiwa, na nilipouliza tena niliambiwa kuwa familia nyingine hazina maswali mengi namna hii. Kumnasibisha maiti na baba asiyekuwa wake ni jambo zito katika dini yetu, na ni zito katika ada zetu pia, kwa maana ndugu wa uongo huzaa madai ya uongo ya mirathi na ya ardhi. Fremu ile niliiteremsha ukutani siku hiyo hiyo, na shangazi yangu, ambaye ndiye mtoto pekee wa Babu aliye hai, akaiweka uvunguni akiwa ameigeuza kifudifudi.

Nyaraka za Kilimani zinajulikana zaidi kwa wanazuoni kuliko kwa wenyeji. Mwaka 2003 UNESCO iliuingiza mkusanyiko wake wa miswada na vitabu vya Kiarabu katika orodha ya Kumbukumbu ya Dunia, na wasomi wa vyuo vikuu vya mbali huja kusoma barua za masultani kina Sayyid Barghash na za mabalozi wadogo wa Kiingereza. Kwa sababu hiyo nilikwenda nikiwa na wasiwasi, nikidhani kuwa mtu anayemtafuta muuza vitumbua wa Ng'ambo, upande wa mji ulio nje ya Mji Mkongwe, kama bibi huyu alivyosimuliwa nyumbani, ataonekana amepotea njia. Mtunza nyaraka aliyenipokea, bwana wa makamo mwenye sauti ya chini, aliitikia salamu yangu, akanipa kiti, na baada ya kunisikiliza hakuniuliza bibi yangu alikuwa akiitwa nani. Aliniuliza: "Alikuwa akikaa wapi, mwanangu, na kiwanja kilikuwa cha nani?"

Katika swali hilo ndimo ulimo ubora wote wa huduma ninayoieleza hapa. Mtu mkubwa ana jalada lake, limeandikwa jina lake juu, na ukilitaka unaletewa. Mtu wa kawaida hana jalada. Anapatikana ndani ya majalada ya watu wengine: kwa aliyemmiliki, kwa mwenye kiwanja alichojenga kibanda, kwa aliyemdai, kwa kadhi aliyemwozesha au kumwachisha, kwa karani aliyemwandika siku alipokwenda kushitaki. Anayeingia chumba cha kusomea akiwa na jina la bibi yake peke yake atatoka jioni akiwa na jina hilo hilo. Anayeingia akiwa na mtaa, msikiti, kazi, jina la mwenye ardhi na tukio lolote lenye tarehe, huyo ana milango mitano ya kupigia hodi. Niliambiwa nirudi nyumbani nikayatafute hayo kwanza, na nilikubali bila kinyongo, kwa kuwa ilikuwa mara ya kwanza kwa mtu anayejua kazi hii kukataa kunipa jibu la haraka.

Shangazi alifungua kasha lake. Chini kabisa, ndani ya kipande cha kanga kuukuu, palikuwa na risiti moja ya kodi ya kiwanja, ya rupia, iliyotobolewa na wadudu pembeni lakini nambari yake inasomeka. Rupia yenyewe ni ushahidi: Zanzibar iliacha kuitumia mwanzoni mwa mwaka 1936, ilipoingia shilingi ya Afrika Mashariki, kwa hiyo karatasi yoyote ya malipo iliyoandikwa kwa rupia ni ya kabla ya hapo. Na kodi ya kiwanja nayo ni ushahidi, maana Ng'ambo ya zamani mtu alikuwa na nyumba bila ya kuwa na ardhi. Alijenga kwa miti, udongo na makuti yake mwenyewe juu ya uwanja wa mtu mwingine, akaulipia. Ukali wa kodi hizo ndio uliowafanya watu wa Ng'ambo mwaka 1928 wagome kulipa, na mgomo ule uliacha karatasi nyingi kuliko miaka mingi ya utulivu, kwa sababu serikali ilibidi iandike, iulize na ijibu. Mtafiti wa maisha ya watu wa chini aitazame miaka ya namna hiyo kwanza. Penye ugomvi ndipo penye majina.

Niliporudi Kilimani na nakala ya risiti, utaratibu ulikuwa mwepesi kueleweka. Unajiandikisha, unaeleza unachokitafuta, unaongozwa kwenye orodha za majalada, unaandika nambari ya unachokitaka, unaletewa mezani. Kalamu ya wino haitumiki. Unaandika kwa penseli, na kurasa unazifunua polepole kwa mikono mikavu. Majalada yamepangwa kwa herufi kulingana na ofisi iliyoyazaa, si kwa jambo linalozungumzwa ndani yake: AA ni ya ubalozi mdogo wa Kiingereza, AB ni ya sekretarieti ya serikali ya wakati wa himaya ya Kiingereza, na mahakama, hati za ardhi na wakfu zina herufi zake nyingine. Hili humchanganya mgeni, kwa sababu hakuna orodha iitwayo "watumwa walioachwa huru" au "wanawake wa Ng'ambo". Ni lazima ujiulize: jambo hili, wakati ule, lingepelekwa kwa nani? Baada ya siku mbili tatu akili huzoea, na kuanzia hapo orodha zenyewe huanza kusomeka.

Nambari ya kiwanja ilitupeleka kwenye jalada la wakfu. Wasomaji wa Unguja hawahitaji kuelezwa kuwa wakfu ni mali iliyofungwa daima kwa ajili ya kheri, ila pengine si wote wanaojua kwamba baadhi ya wenye mali wa karne ya kumi na tisa waliweka wakfu vipande vya ardhi kwa ajili ya makaazi ya watumwa wao waliowaacha huru pamoja na vizazi vyao. Tume ya Wakfu iliyoundwa mwaka 1905 ilipozichukua mali hizo kuzisimamia, ilibidi ijue nani anakaa juu yake na kwa haki gani. Kwa hivyo jalada nililoletewa lilikuwa na orodha ya wakaazi, nyumba kwa nyumba, na kwenye mstari wa kumi na nne palikuwa na jina la mwanamke, na mbele ya jina, kwa mkono wa karani mwingine na wino mwingine, lakabu ya ua. Nilikaa kimya muda mrefu. Mtunza nyaraka aliona, akaniletea maji, akaniambia ninywe mbali na meza.

Mbele kidogo katika jalada lile lile palikuwa na ombi lake. Hakulitia saini, aliweka alama ya dole gumba, na alama hiyo imekolea upande wa kushoto kana kwamba aliukandamiza mkono kwa nguvu. Ombi limeandikwa na mwandishi wa kukodi kwa Kiswahili cha herufi za Kiarabu, na nyuma yake imebandikwa tafsiri ya Kiingereza iliyopigwa chapa. Hapa nataka kuwasihi wote watakaofuata njia hii: msiridhike na tafsiri. Ile ya Kiingereza ina mistari minne, ikisema kuwa mwombaji anaomba asitozwe kodi kwa sababu wakfu ni wa mahuru, yaani walioachwa huru, wa marehemu aliyeuweka, naye ni mmoja wao. Kiswahili chake kina mistari kumi na tisa. Ndani yake anaeleza kuwa kibanda amekijenga kwa fedha ya vitumbua, kuwa ana mtoto mmoja mdogo wa kiume, kuwa mama yake alifia katika shamba la marehemu huyo huyo, na anamtaja mama yake kwa jina. Karani hakuyaona hayo kuwa na faida kwa ofisi, na kwa ofisi pengine hayakuwa nayo. Kwetu sisi yalikuwa vizazi viwili kwa ukurasa mmoja.

Kusoma khati ile si kazi ya siku moja, hata kwa aliyehitimu Msahafu chuoni. Maandishi ya mkono kama yale mara nyingi hayana irabu, na herufi za Kiarabu hazitoshi sauti zetu zote: ba hubeba pia p, fa hubeba v, ghaini hubeba g, shini mara nyingi hubeba ch. Neno lililoandikwa kwa ba na kafu tu laweza kuwa paka au pika, na ni maana ya sentensi nzima inayoamua. Nilisaidiwa na mzee mmoja mstaafu aliyekuwa akisoma mambo yake meza ya pili, maalim wa zamani, ambaye alinifundisha kusoma ombi zima kwa sauti ya chini kabla ya kubishana na neno moja. "Huyu alikuwa akisema, mwandishi akiandika," aliniambia, "basi msikilize." Alikuwa na haki. Nilipolisoma kwa sauti, maneno matatu yaliyonishinda yalifunguka yenyewe. Kukutana na watu kama hawa ni sehemu ya thamani ya chumba cha kusomea, na haipatikani kwa kutumiwa picha kwenye simu.

Sasa tulikuwa na jina la aliyemmiliki, yule marehemu mwenye wakfu, na kwa jina hilo tukaenda kwenye madaftari ya walioachwa huru. Amri ya kufuta hali ya utumwa kisheria ilitolewa tarehe 6 Aprili 1897 na Sultani Sayyid Hamoud bin Muhammed, lakini haikumfungua mtu yeyote kwa kutolewa kwake tu. Aliyetaka uhuru ilibidi aende mwenyewe kuuomba mahakamani, na fidia ilipolipwa alilipwa bwana, wala hakulipwa aliyetumikishwa. Masuria waliachwa nje ya amri ile mpaka ilipotoka ya mwaka 1909. Anayetafuta bibi aliyekuwa suria kwa hivyo asikate tamaa akikosa jina katika madaftari ya mwanzo. Atazame mirathi ya bwana na majina ya watoto. Aliyeomba uhuru aliandikwa kwa mstari mmoja: jina, umri wa kukadiria, kabila, jina la bwana, fidia. Ni mstari mmoja tu kwa maisha ya mtu, na kwa walio wengi ndio pekee ulioandikwa.

Chini ya jina la bwana yule kulikuwa na wanawake wawili wenye jina moja. Mmoja alikadiriwa miaka kumi na minane, mwengine thelathini, wote wawili wameandikwa Wanyasa. Mimi nilikuwa tayari nimeshamchagua wa kwanza, kwa kuwa Babu alizaliwa katikati ya miaka ya 1920 na mwanamke aliyekuwa na miaka thelathini alipoandikwa daftarini, miaka mingi kabla ya hapo, asingeweza kumzaa. Mtunza nyaraka alikubali kwamba hesabu inaelekea hapo, kisha akanikumbusha kuwa umri uliandikwa kwa kutazamwa uso, kuwa jina lile lilikuwa la kawaida mno, na kuwa bibi yangu aweza pia kuwa ni wa tatu, aliyeachwa huru na bwana mwenyewe kwa hati ya kadhi bila ya kupita kwenye daftari hili. Akanishauri niandike "huenda", na nambari ya ukurasa, na sababu yangu. Nililiandika neno hilo kwa uzito, nikijua kuwa lilikuwa neno la kwanza la kweli kuandikwa juu ya asili yake. Yule wa shajara alinipa vizazi saba bila ya "huenda" hata moja.

Kuhusu safu ya kabila nina la kuongeza, kwa sababu hapa ndipo familia nyingi husimama na kurudi nyuma. "Mnyasa" katika daftari ni neno alilolisema bwana, au karani, au yeye mwenyewe, na laweza kumaanisha mtu aliyeletwa kutoka upande wa Ziwa Nyasa au mzalia aliyezaliwa Unguja na mama wa huko. Wale wale waliofunguliwa wakaja kujiita vyengine kadiri maisha yalivyowafungulia njia. Ripoti za sensa zinalionesha hilo wazi: kati ya sensa ya 1924 na ile ya 1931 idadi ya waliojiandikisha kuwa Waswahili ilianguka mno, huku wanaojiita kwa majina ya wenyeji wa visiwa wakiongezeka, bila ya watu kuhama wala kufa kwa kiasi hicho. Watu walikuwa wanajichagulia mahali pa kusimama. Nilipomsomea shangazi mstari ule alinyamaza, akaendelea kuchambua mchele, kisha akasema kwamba Babu alikuwa akiimba wimbo wa kubembelezea watoto wenye maneno ambayo hakuna aliyeyafahamu, na kwamba watoto wake walikatazwa kuuimba nje. Sikumuuliza zaidi siku hiyo. Jambo hili lina maumivu yake hapa kwetu, na mtafiti asiyekuwa na subira atavunja nyumba ili ajaze daftari.

Hati ya mwisho ndiyo niliyoipenda kuliko zote. Shangazi alishikilia kuwa bibi alifariki usiku wa kuamkia Maulidi, katika Mfunguo Sita, na kwamba wakati huo rupia zilikuwa zimeshaondoka. Alikuwa ameyasikia haya kwa Babu, ambaye wakati huo alikuwa mtoto. Tulianza basi kupekua majalada ya mirathi midogo kuanzia 1936, tukitazama tarehe za kufunguliwa kwake na kuzilinganisha na miezi yetu, na tulilikuta lililofunguliwa Juni 1937. Mfunguo Sita wa mwaka 1356 wa Hijria ulianza katikati ya Mei 1937. Jina ni lake, mtaa ni wake, na mrithi ni mtoto mmoja wa kiume ambaye hajabaleghe. Jalada lilifunguliwa kwa sababu ya mtoto huyo, ili kibanda kisiuzwe na mtu asiyehusika, na kwa sababu hiyo vitu vyake vilihesabiwa: kitanda kimoja cha kamba, sanduku moja la mbao lisilo kufuli, mikeka miwili, kanga jozi tatu, pete moja ya fedha, kinu na mchi, beseni, na vyuma viwili vya kupikia vitumbua, kimoja kimevunjika mkono. Halafu zimeandikwa gharama: sanda, ubani, wachimba kaburi, kodi ya kiwanja iliyokuwa imebaki.

Nimeinakili orodha hiyo kwa penseli mara mbili, na mara zote mbili niliposimama ni penye vile vyuma vya vitumbua. Habari ya kwamba alikuwa muuza vitumbua ilikuwa ni maneno ya nyumbani tu, ya aina ambayo mtu husimuliwa na asijue ni ya kweli au ni pambo. Hapa karani wa mirathi, ambaye hakumjua, ambaye alitaka kumaliza kazi yake arudi kwao, aliyathibitisha kwa kuhesabu alichokiona chumbani. Na maneno ya nyumbani nayo yakalithibitisha jalada. Nathubutu kusema kuwa ushahidi huu ni bora kuliko jina peke yake, kwa sababu majina yanafanana na vyuma vya vitumbua vilivyovunjika mkono havifanani.

Sasa niseme kwa nani huduma hii inafaa. Inafaa kwa aliye tayari kwenda siku nyingi. Mimi nilikwenda siku kumi na moja katika miezi mitano, na siku nne kati ya hizo sikupata kitu. Inafaa kwa anayejua Kiswahili na kusoma angalau Kiingereza kidogo cha kiofisi, na kama hasomi herufi za Kiarabu za mkono basi afuatane na anayesoma. Haimfai anayetaka jibu kabla ya harusi ya wiki ijayo. Karatasi za zamani zina majeraha yake, kuna zilizoliwa na wadudu na kuna wino uliokula karatasi, na yapo maneno ambayo hayatasomwa tena na mtu yeyote. Asipoteze muda vilevile kutafuta jina la mtu katika ripoti za sensa zilizochapwa, maana hutoa jumla za watu na makabila, hazitoi majina. Majalada usiyoruhusiwa kuyapiga picha usiyapige kwa siri. Uliza, utajibiwa, na ada unayotozwa idai risiti yake kama nilivyopewa mimi.

Wenye asili ya Pemba wana njia yao, kwa kuwa waliofunguliwa huko waliandikwa huko, na Nyaraka ina tawi Pemba. Ni vyema kuanza na hilo kabla ya kuvuka bahari. Waliolelewa na misheni ya Mbweni huonekana zaidi katika vitabu vya kanisa kuliko vya mahakama. Na kama mzee wako alikamatwa baharini ndani ya jahazi na manuwari za Kiingereza, basi yupo pia uwezekano wa kumkuta katika barua za kuzuia biashara ya watumwa zilizohifadhiwa katika Nyaraka za Taifa za Uingereza, Kew, London, chini ya alama FO 84, ingawa huko pia atakuwa ni mstari mmoja, na mara nyingi ni nambari.

Nimeulizwa na jamaa zangu kwa nini nisimrudie yule wa shajara kumdai fedha. Nilimdai, hajarudisha. Lililonibakia ni kuwaambia wengine wamwulize mtu yeyote anayeuza nasaba maswali matatu kabla ya kumpa shilingi: hati gani, iko wapi, na wapi ushahidi wako umekoma. Kilimani nilijibiwa yote matatu kila siku bila ya kuuliza. Watunza nyaraka walinionesha mpaka wa wanachokijua kwa unyoofu ule ule walionionesha nao hati zenyewe, na kwa jambo la marehemu, ambaye hawezi kusimama kujitetea, sijui ni huduma gani mtu angeweza kuitaka iliyo bora zaidi.

Nilichokipata chote kimeenea kwenye kurasa sita za daftari. Sijui sura yake, sijui kaburi lake liko upande gani, na mwaka wa kuzaliwa kwake nimeuacha na "huenda". Mwezi wa Shaaban uliopita shangazi aliniita, akanipa kalamu na ile karatasi ya khitma, akanitaka nikate ule mstari wa "mama yake Babu" na niandike upya kwa mkono wangu. Niliandika jina lake, na chini yake jina la mama yake aliyefia shambani, na maalim aliyasoma yote mawili.